Kutoka kwa Mshenga hadi Kioo cha Simu: Mielekeo na Changamoto za Biashara ya Uchumba Mtandaoni kwa Mfano wa Mtaa wa Pipeline, Nairobi

Utangulizi

Uchumba ni miongoni mwa mambo ambayo jamii za Afrika Mashariki ziliyawekea utaratibu tangu jadi. Palikuwa na wa kutuma na wa kutumwa, wa kuuliza na wa kujibu, na kila hatua ilikuwa na shahidi wake. Katika miongo mitatu iliyopita, sehemu kubwa ya kazi hiyo imetwaliwa na kampuni za kibiashara ambazo makao yao yako mbali na wateja wao, na ambazo hukutanisha watu kwa njia ya tarakilishi na rununu. Biashara hii imekua kwa kasi, imetajirisha wachache, imewapatia wengi wenza wao wa maisha, na wakati uo huo imezua madhara ambayo bado hayajapatiwa dawa.

Makala haya yanachunguza mielekeo na changamoto za biashara hiyo kwa kuutazama mtaa mmoja wa Nairobi, yaani Pipeline, ulioko Embakasi katika upande wa mashariki wa jiji. Hoja inayotetewa ni kwamba kampuni za uchumba zilirithi kazi ya mshenga ya kukutanisha, lakini hazikurithi wajibu wake wa kudhamini. Pengo hilo la udhamini limezibwa kwa kiasi fulani na lugha ya mtaa, ambayo imejiundia msamiati wa tahadhari. Hata hivyo, kama itakavyodhihirika, msamiati huo unawaonya baadhi ya watu kuliko wengine, na hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulifumbia macho.

Mshenga na Wajibu Wake

Katika jamii ya Waswahili wa pwani, mshenga ndiye aliyepeleka posa na kurejesha jibu. Hakuwa tarishi tu. Alitarajiwa kuijua nyumba anayotoka na nyumba anayokwenda: mwenendo wa kijana, hali ya wazazi wake, madeni yake na maradhi ya ukoo wake. Mambo yalipoharibika baadaye, jina la mshenga lilitajwa, na pengine yeye ndiye aliyeitwa kusuluhisha. Miongoni mwa Waluo, ambao wengi wao wamehamia Nairobi na kuishi katika mitaa ya Eastlands, mtu wa aina hiyo huitwa jagam. Majina ni tofauti lakini msingi ni mmoja: anayekutanisha watu wawili huweka heshima yake rehani.

Utaratibu huu haukukosa dosari. Ulimpa mzazi nguvu za kumwoza binti pasi na ridhaa yake, na washenga wengine walificha aibu za upande uliowatuma. Kwa hiyo haifai kuusifu kana kwamba ulikuwa pepo iliyopotea. Linalosisitizwa hapa ni kipengele kimoja tu, nacho ni udhamini.

Hata njia mpya zilipochipuka katika karne ya 20, kipengele hicho hakikutoweka mara moja. Magazeti na majarida yalikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu, ambapo kijana alitoa picha, umri, uraibu wake na anwani ya posta. Anwani yenyewe ilikuwa aina ya dhamana, maadam sanduku la barua lilikuwa la shule, la kanisa au la mwajiri, na barua ilipita katika mikono ya mtu anayejulikana. Vivyo hivyo, kadi za salamu zilizosomwa katika Idhaa ya Taifa ya KBC ziliwaunganisha wasikilizaji wa wilaya za mbali hadi wakaunda vyama vya salamu. Watu hao walijuana kwa majina kabla ya kuonana kwa macho, na taifa zima lilikuwa limeyasikia majina hayo.

Pipeline: Majirani Wasiojuana

Jina la mtaa wa Pipeline linakumbusha bomba la mafuta linalotoka Mombasa hadi Nairobi, ambalo lilianza kazi mwaka 1978. Mtaa wenyewe umepakana na Tassia, Fedha, Nyayo na Mukuru kwa Njenga, na wakazi wengi bado huuelekeza kwa kutaja Taj Mall, jengo la maduka lililobomolewa mwaka 2018. Anayeingia Pipeline kwa mara ya kwanza hushangazwa na msongamano wa majumba ya ghorofa. Nyingi zina ghorofa saba, nane au zaidi, zimekaribiana kiasi cha kuzuia jua lisifike chini, na kila ghorofa imegawanywa katika vyumba vya kupangisha ambavyo aghalabu havizidi kimoja kwa kila familia. Bafu na choo hutumiwa na wapangaji kadhaa, na maji yakikatika mitungi hupangwa ngazini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Embakasi ilikuwa na watu 988,808, idadi iliyozidi ya kaunti ndogo nyingine yoyote ya Nairobi.

Wakazi wengi wa Pipeline ni vijana waliohamia jijini kutafuta kazi. Baadhi huenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, wengine huhudumu katika uwanja wa ndege, katika ulinzi, katika ujenzi, katika bodaboda au katika vibanda vya biashara ndogondogo. Msomi Mario Schmidt, katika kitabu chake kuhusu wahamiaji na uanaume kilichochapishwa mwaka 2024, aliuchunguza mtaa huu na kuonyesha jinsi wanaume waliotoka magharibi mwa Kenya wanavyolemewa na matarajio ya kuwa watafutaji wa riziki. Wenyewe huuita mzigo huo presha: presha ya kodi, presha ya nyumbani, presha ya mke au mpenzi. Mapato hayatoshi, lakini picha ya mwanamume aliyefaulu hutakiwa kila siku.

Hapa ndipo penye kitendawili. Mkazi wa Pipeline husikia kikohozi cha jirani yake usiku, hunusa mboga yake ikiungwa, na huenda asijue jina lake. Mpangaji huhama mwisho wa mwezi na mwingine akaingia kesho yake. Shangazi, mjomba na wazee ambao wangeulizwa habari za mtu wako Siaya, Kakamega au Machakos. Mlinda nyumba anamjua kila mpangaji kwa nambari ya chumba na deni la kodi, basi. Katika hali kama hiyo, ni kawaida kwa kijana kumtafuta mwenzi katika kioo cha simu, ingawa watu elfu kadhaa wamelala ndani ya ukuta uleule. Mtandao haukuua ujirani wa Pipeline. Uliukuta umekwisha kupungukiwa.

Biashara Yenyewe na Mielekeo Yake

Wazo la kutumia mashine kuoanisha watu ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walianzisha mradi ulioitwa Operation Match, ambapo majibu ya hojaji yalichanganuliwa na tarakilishi. Tovuti ya Match.com ilifunguliwa mwaka 1995, ikafuatwa na eHarmony mwaka 2000 na OkCupid mwaka 2004. Tovuti hizo za mwanzo zilitaka mtu akae mbele ya tarakilishi, ajaze maelezo marefu na kusoma ya wengine. Katika Nairobi ya wakati huo, wengi walizifikia katika vibanda vya intaneti kwa malipo ya dakika. AfroIntroductions, tovuti ya kampuni ya Cupid Media ya Australia, iliwalenga hasa Waafrika na wageni waliotaka wachumba wa Kiafrika.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2012, Tinder ilipozinduliwa huko Los Angeles. Programu hiyo iliondoa maelezo marefu na kuweka picha mbele. Mtumiaji hutelezesha kidole kulia akipenda na kushoto akikataa, na wawili wakipendana ndipo mazungumzo hufunguliwa. Mwaka 2014 ilifuata Bumble, iliyomtaka mwanamke aanze mazungumzo. Usemi wa wahenga kwamba nyumba njema si mlango uligeuzwa juu chini, kwa kuwa sasa mlango ndio unaouzwa.

Jinsi kampuni hizi zinavyopata fedha ni jambo linalohitaji kufafanuliwa. Kuingia ni bure. Mteja hulipa ili aonekane na watu wengi zaidi, ili ajue ni nani aliyempenda, au ili atelezeshe kidole bila kikomo. Kwa hiyo kampuni humpa mteja ladha na kumwuzia shibe. Tena bei si moja kwa wote. Tinder ilipoanza kutoza ada mwaka 2015, iliwatoza wenye umri mkubwa zaidi ya vijana, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya California iliona kwamba utaratibu huo ungeweza kuwa ubaguzi uliokatazwa na sheria.

Juu ya hayo, biashara hii ina mgongano wa ndani usiopatikana katika biashara nyingi. Mwuza mboga humfurahisha mteja ili arudi kesho. Kampuni ya uchumba ikimridhisha mteja kikamilifu, humpoteza yeye pamoja na mwenziwe. Hinge hujinadi kuwa programu iliyoundwa ili ifutwe. Kinyume na tangazo hilo, tarehe 14 Februari 2024 watumiaji kadhaa waliishtaki Match Group, inayomiliki Tinder na Hinge, mbele ya mahakama ya California wakidai kwamba programu zake zimeundwa kwa makusudi ili kumtia mtumiaji uraibu. Kampuni ilikanusha madai hayo. Iwe mahakama itaonaje, swali limekwisha kuulizwa: je, faida ya kampuni na faida ya mchumba ni kitu kimoja?

Kilele cha matumizi kilionekana wakati wa janga la korona. Tarehe 29 Machi 2020 Tinder ilirekodi zaidi ya miteleo ya kidole bilioni 3 kwa siku moja. Siku mbili kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeanza kutekeleza kafyu ya usiku, na mapema Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Kwa wakazi wa mitaa kama Pipeline, ambao sherehe, mazishi na likizo za mashambani ndizo zilizokuwa fursa zao za kukutana na watu wa kwao, simu ilibaki karibu kuwa mlango wa pekee.

Baada ya kilele hicho mteremko ulianza. Idadi ya wanaolipia Tinder imekuwa ikipungua tangu mwishoni mwa mwaka 2022. Mwaka 2025 Match Group ilitangaza kupunguza asilimia 13 ya wafanyakazi wake, na Bumble takriban asilimia 30. Sababu zinazotajwa ni uchovu wa watumiaji, hasa vijana, waliochoka kuhukumu na kuhukumiwa kwa picha, pamoja na hofu ya ulaghai.

Mwelekeo mwingine, ambao unaonekana wazi zaidi katika mitaa ya kipato cha chini, ni uchumba unaofanyika nje ya programu za uchumba. Vikundi vya Facebook, WhatsApp na Telegram huwakutanisha watu wa kaunti moja, dini moja au rika moja. Msimamizi wa kikundi hutoza ada ndogo ya kujiandikisha, hulipwa kwa M-Pesa, kisha hutangaza sifa za mwanachama na mahitaji yake. Msomaji wa zamani wa kurasa za marafiki wa kalamu hatashindwa kuitambua sauti hiyo: jina, umri, kazi, uraibu, na mtu anayetafutwa. Msimamizi huyu amekaribia kuwa mshenga, lakini naye mara nyingi hawajui anaowatangaza.

Changamoto: Fedha, Siri na Uhai

Changamoto ya kwanza ni ulaghai wa fedha. Mlaghai hutwaa picha za mtu mwingine, hujenga mapenzi kwa wiki kadhaa, kisha hupata dharura: mgonjwa hospitalini, mzigo uliokwama bandarini, au biashara ya sarafu za kidijitali isiyoshindwa. Nchini Marekani pekee, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipokea malalamiko ya karibu watu 70,000 mwaka 2022, na hasara iliyoripotiwa ilikuwa dola bilioni 1.3. Kampuni zenyewe hazikuwa safi daima. Mwaka 2019 tume hiyo iliishtaki Match Group kwa kuwavutia watu walipie huduma kupitia jumbe za mapenzi ambazo kampuni ilishuku kuwa zimetoka kwa walaghai, na mwaka 2025 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 14 ili kuimaliza kesi.

Katika Pipeline hasara huwa ndogo kwa hesabu, lakini kubwa kwa uwiano. Mathalan, mlinzi wa usiku anayemtumia mtu asiyemjua shilingi elfu moja anaweza kuwa ametoa mlo wa siku kadhaa. Wala M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kurahisisha maisha kwa namna nyingi, haimpi nafasi ya kufikiri mara mbili. Fedha huondoka kwa kasi ileile ya arafa ya mapenzi.

Changamoto ya pili ni siri. Mtu anayetafuta mwenzi hukabidhi kampuni mambo ambayo asingemwambia jirani: umbo lake, dini yake, maradhi yake, mahali alipo saa hiyo. Mwaka 2015 wadukuzi walianika taarifa za wateja wa Ashley Madison. Mwaka 2021 mamlaka ya kulinda data ya Norway iliipiga Grindr faini ya kroner milioni 65 kwa kuwapa watangazaji taarifa za watumiaji bila ridhaa halali. Hata jitihada za kurejesha ule uchunguzi wa mshenga zimeponza. Programu ya Tea ya Marekani iliwawezesha wanawake kuulizana habari za wanaume wanaokutana nao mtandaoni. Mnamo Julai 2025 picha zipatazo 72,000 kutoka katika hazina yake zilivuja, zikiwemo za vitambulisho vya wanawake waliojisajili ili wawe salama.

Changamoto ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mnamo Januari 2024 Wakenya walishtushwa na mauaji ya wanawake vijana katika vyumba vya kukodi kwa siku chache jijini Nairobi, na uchunguzi wa baadhi yake ukahusisha mawasiliano ya mtandaoni kati ya mwathiriwa na mshukiwa. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika miji mbalimbali kupinga mauaji ya wanawake. Mwezi Julai mwaka uo huo, miili ya wanawake iliopolewa kutoka katika timbo lililogeuzwa jaa huko Kware, mwendo mfupi kutoka Pipeline. Tukio la Kware halitajwi hapa kama tukio la uchumba wa mtandaoni. Linatajwa kwa sababu ndilo lililo akilini mwa mwanamke wa Pipeline anapoalikwa na mtu asiyemjua. Polisi walieleza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024. Kwa mwanamke huyo, swali la nani anamdhamini mgeni halihusu fedha tu.

Msamiati wa Tahadhari na Upungufu Wake

Pale ambapo kampuni haikutoa onyo, lugha ya mtaa ilitoa. Wanaotongozana mtandaoni mjini Nairobi mara nyingi hujitambulisha katika programu kwa Kiingereza, kisha huhamia WhatsApp na kusemezana kwa Kiswahili na Sheng. Huko ndiko maneno ya kale yanakovishwa maana mpya.

Kutongoza kwa maneno matamu huitwa kurusha mistari. Neno mistari lina mwangwi wa ushairi, na matumizi hayo yanaonyesha kwamba hata mtelezesha kidole anahitaji ufasaha: picha humfungulia mlango, lakini neno ndilo linalomkaribisha ndani. Asiyejibiwa au aliyetelekezwa husemwa kuwa ameachwa kwenye mataa, taswira ya mtu aliyesimama katika njia panda magari yakipita.

Kula nauli, au kula fea kama wasemavyo vijana, ni pale mwanamume anapomtumia mwanamke fedha za usafiri ili aje wakutane, naye asifike. Usemi huu umeenea mno hata umekuwa mzaha wa taifa. Nguvu yake imo katika kitenzi kula, ambacho katika Kiswahili cha Kenya kimezoea kubeba maana ya ubadhirifu, iwe ni wa fedha za umma au za chama.

Kuwekewa mchele ni kutiliwa dawa ya kulevya katika kinywaji, kisha mtu huibiwa simu, fedha na wakati mwingine uhai. Kutokana na neno mchele likazuka pishori, jina la mchele wenye harufu nzuri wa Mwea, ambalo hupewa wanawake wanaotuhumiwa kufanya uhalifu huo. Hapa mtaalamu wa semantiki huona sitiari iliyozaa sitiari: chakula kinachotamaniwa kuliko vyote ndicho kinachoua.

Ukiyatazama maneno haya kwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Nauli inayoliwa ni ya mwanamume. Mchele huwekwa katika bilauri ya mwanamume. Onyo limeundwa kwa makini pale ambapo mwanamume hupoteza fedha, na mkosaji amepewa jina lenye sura ya kike. Upande wa pili neno lililovuma ni fisi, kwa mwanamume mwenye uchu wa wanawake. Lakini fisi ni neno la kicheko. Wanaume wenyewe wamelivaa kama jezi na kujiita Timu Mafisi. Mnyama ambaye katika hadithi za watoto ni mlafi wa kuogopwa amegeuzwa rafiki mcheshi. Mwaliko wa kwenda katika chumba cha mtu asiyejulikana, ambao ndio hatari kubwa zaidi kwa mwanamke, haujapata neno la mtaani lenye ukali wa mchele.

Zaidi ya hayo, msemo wa kula nauli una athari nyingine. Unamfundisha mwanamume kuihesabu nauli kuwa malipo ya awali na mwanamke aliyebadili nia kuwa mdaiwa. Kumbe asiyefika huenda aliingiwa na shaka akiwa njiani, akarejea kwao salama. Katika lugha ya mtaa, busara yake imesajiliwa kuwa wizi. Hili si suala la mzaha tu, kwani anayejiona ameibiwa hujiona ana haki ya kulipiza.

Sheria na Hatua Zilizochukuliwa

Kenya haikukaa bila sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kutwaa utambulisho wa mtu mwingine, kumsumbua mtu mtandaoni na kusambaza picha zake za faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje na kutaka zifutwe katika mazingira maalumu. Mnamo Januari 2025 Rais aliteua jopo la watu 42, likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, kuchunguza ukatili wa kijinsia na mauaji ya wanawake.

Kampuni nazo zimeanza kuwathibitisha watu. Mwaka 2025 Tinder ilianza kuwataka watumiaji wapya wa California kupiga video fupi ya uso ili kuhakikisha kwamba picha ni zao. Hatua hiyo ni nzuri, ila inathibitisha uso tu. Mshenga hakuulizwa kama uso wa kijana ni wake. Aliulizwa kama kijana ana hasira, kama ana mke mwingine, kama hulipa madeni yake. Hayo hayapigwi picha.

Pana pia pengo la lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, masharti ambayo kijana wa Pipeline huyakubali kwa kubofya mara moja aghalabu ni Kiingereza kirefu cha mawakili. Humo ndimo kampuni hueleza kwamba haidhamini mwenendo wa watumiaji wake. Kwa maneno mengine, habari iliyo muhimu kuliko zote, kwamba hakuna mshenga, imeandikwa mahali ambapo haisomwi, kwa lugha ambayo si ya mapenzi yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba biashara ya uchumba mtandaoni imepitia hatua za tovuti za maelezo marefu, programu za picha, na sasa vikundi vya mitandao ya kijamii vinavyokaribia sura ya mshenga wa kale. Imeonyeshwa pia kwamba changamoto zake za fedha, siri na usalama zina chanzo kimoja, yaani kukutanisha watu bila mtu wa kuwajibika kwao. Pipeline imeyaweka hayo wazi kwa sababu ni mtaa ambao watu wamesongamana lakini hawana wa kuwaulizia.

Kumrejesha mshenga wa kale hakuwezekani, na wengi hawangependa. Linalowezekana ni kuirejesha desturi ya kuuliza na kuulizwa: rafiki mmoja ajue nani anakwenda kukutana na nani, wapi na saa ngapi, mkutano wa kwanza uwe mahali penye watu, na kutofika kuheshimiwe kama jibu. Hayo hayahitaji programu mpya.

Kwa upande wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi imelala mezani. Maonyo ya usalama na masharti ya huduma yanahitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili ambacho mlinzi, mshonaji na mwendesha bodaboda watakisoma hadi mwisho. Aidha, misamiati ya mtaani ya uchumba inastahili kukusanywa na kuchunguzwa, si kwa ajili ya burudani tu, bali kwa kuuliza kila neno linamlinda nani na linamwacha nani. Wakazi wa Nairobi waliweza kuunda neno la kumwonya mwanamume aiangalie bilauri yake. Hawakosi uwezo wa kuunda la kumwonya mwanamke kabla hajapanda ngazi za nyumba asiyoijua.